Tufagie majani ya kijito au tuyaache?

Swali

"Mtaalamu, salaam kutoka Lindi. Mimi ni katibu wa kamati ya maji katika kijiji kilicho chini ya uwanda wa Rondo, upande wa Mtama. Tuna kijito ambacho kiangazi hupungua lakini hakikauki kabisa, na dakio la maji yetu ya bomba liko hapo. Kuanzia Julai mpaka mvua za Desemba kinajaa majani. Maji yanageuka rangi ya chai, na kwenye madimbwi yananuka. Kikao kimependekeza tufagie majani yote, tufyeke miti ya kingoni na mahali pake tupande mikorosho. Bibi mmoja akasimama akasema tukifanya hivyo kaa watatoweka, watu wakacheka. Nani mkweli hapo? Je, tunaweza kupima wenyewe bila kuita watu wa maabara? Na lile povu linalokaa chini ya maporomoko, ni sabuni ya wanaofua huko juu?"

Jibu

Ndugu katibu, salaam zimefika. Waliocheka wakamwombe bibi radhi, maana amesema jambo ambalo watu wamelitafuta kwa darubini na mizani kwa zaidi ya miaka hamsini. Lakini na wanaolalamikia harufu hawasemi uongo; wamekosea dawa tu. Nitakuwa mrefu kidogo, kwa sababu miti ya mtoni ikishakatwa hakuna kikao cha dharura kinachoweza kuirudisha.

Tuanze na kijito chenyewe kinakula nini. Mto mpana kama Lukuledi, huko chini unakotambaa kwenye jua, hujilimia chakula: mwani huota juu ya mawe na mimea ya majini huota pembeni. Kijito cha hatua tatu nne kilichofunikwa na miti hakipati jua la kutosha kulima chochote, kwa hiyo huletewa. Mwaka 1973 Fisher na Likens walipiga hesabu ya nishati yote inayoingia Bear Brook, kijito cha msituni katika jimbo la New Hampshire, Marekani, wakakuta zaidi ya asilimia 99 inatoka nje ya maji, sehemu kubwa ikiwa ni majani na vijiti. Utaniambia huko ni Marekani, majani huanguka kwa baridi, sisi yanaanguka kwa kiangazi. Ni kweli, tofauti zipo na nitazifikia. Ila kivuli ni kivuli popote, na kijito cha kivulini chakula chake kinatoka juu.

Na hilo la kufagia majani yote limeshajaribiwa, tena kwa ukamilifu ambao fagio la kijiji haliwezi kuufikia. Mwaka 1993 J. Bruce Wallace na wenzake walifunika kijito kidogo kwenye msitu wa Coweeta, North Carolina, kwa wavu juu na wavu mwingine kingoni, jani lisidondoke wala lisisukumwe na upepo kuingia. Wakakiacha hivyo miaka 3, na matokeo yakatoka kwenye jarida la Science mwaka 1997. Wadudu wanaokula majani walipungua sana, na hilo kila mtu alilitegemea. Kilichowafungua watu macho ni kwamba hata wawindaji, ambao hawaweki jani mdomoni, nao walipungua, kwa kuwa mawindo yao yalikuwa yakiishi kwa majani. Palipobaki karibu kama palivyokuwa ni kwenye miamba iliyoota majani mafupi ya kijani kama zulia, ambako wadudu hula vinavyoletwa na maji. Kwingine kote sufuria ilikuwa tupu.

Sasa tuliangalie jani moja.

Jani kavu likianguka majini haliozi kwanza, linachujuka, sawasawa na majani ya chai kwenye kikombe. Sukari, chumvi na tanini (ile inayotia ukakasi kwenye chai) hutoka, na katika siku moja au mbili jani laweza kupoteza hata robo ya uzito wake mkavu kabla ya kiumbe yeyote kuligusa. Ile rangi ya chai unayoiona ndiyo hiyo. Mnapokea majani mengi mwezi ambao maji ni machache, kwa hiyo chai inakuwa nzito. Mvua zikianza huoni rangi hiyo, si kwa sababu majani yameisha bali kwa sababu kikombe kimekuwa kikubwa. Rangi yenyewe si sumu. Ila kama mnatia klorini kwenye tangi, jueni kwamba maji ya rangi hiyo hula klorini kabla haijawafikia vijidudu. Kipimo kinachotosha mwezi wa tatu hakitoshi mwezi wa tisa.

Baada ya hapo wanaingia kuvu na bakteria. Okota jani lililokaa majini kama wiki mbili, lipitishe kati ya kidole gumba na cha shahada: lina utelezi, na ukilikunja halivunjiki tena kwa mlio, linanyong'onyea tu. Utelezi ule ni utando wa viumbe, na nyuzi za kuvu zimeshapenya ndani ya nyama ya jani. Kuvu hawa huvuta naitrojeni kutoka kwenye maji yanayopita na kuijenga mwilini mwao, kwa hiyo jani linalooza linakuwa na protini nyingi kwa uzito wake kuliko lilipoanguka. Kaushik na Hynes walilionyesha hili mwaka 1971, na wakaonyesha pia kwamba wanyama wa mtoni wakipewa kuchagua huchagua jani lililokwisha kuota kuvu. Mimi huwaeleza wanafunzi hivi: jani lililoanguka jana ni ugali mtupu, kuvu ndiyo mboga. Hakuna anayekimbilia ugali mtupu kama kisamvu kipo.

Ndipo wanakuja watafunaji. Chukua jani la wiki tatu, liweke kwenye sahani nyeupe ya bati pamoja na maji ya kijito, utulie dakika tano. Kwanza utaona nyama ya jani imeliwa katikati ya mishipa, jani limebaki kama wavu. Halafu kipande kidogo cha jani kitaanza kutembea. Huyo ni lava wa mdudu anayejijengea nyumba. Wengine hukata vipande vya mraba na kuvipanga kama vigae, wengine hukata vipande viwili, kimoja juu kimoja chini, nao wakalala katikati kama nyama ya sambusa. Ukimgusa anaingia ndani na jani linakuwa jani tena. Utaona pia wadudu wepesi wenye mikia mitatu wanaookota makombo, wengine wanaokwangua utando juu ya mawe, na funza wembamba waliojificha ndani ya mikunjo. Pembeni atakuwepo mtoto wa kerengende, haendi popote, anangoja. K. W. Cummins ndiye aliyewagawa wanyama hawa, miaka ya 1970, kwa namna wanavyokula badala ya majina yao: wanaotafuna majani, wanaookota na kuchuja makombo, wanaokwangua, wanaowinda. Mgawanyo huo unatusaidia sana huku kusini, ambako wadudu wengi wa majini hawana jina la Kiswahili.

Hapa ndipo nchi za joto zinapoachana na vitabu. Vitabu vimeandikwa kutoka vijito vya Ulaya na Marekani ya Kaskazini, na huko jeshi kubwa la kutafuna majani ni wadudu wanaopenda maji ya baridi. Jamaa zao walioko Afrika Mashariki karibu wote ni wawindaji. Kwa hiyo watafiti walipochota vijito vyetu na kuwahesabu kwa orodha za kizungu, watafunaji wakaonekana hakuna. Mwaka 2002 Dobson, Magana, Mathooko na Ndegwa waliandika kuhusu vijito vya nyanda za juu za Kenya na kuweka alama ya kuuliza kwenye kichwa chenyewe cha makala: je, huu ni ushahidi zaidi kwamba watafunaji ni haba katika nchi za joto? Mwaka 2014 Masese na wenzake, pia Kenya, walichunguza kilichomo matumboni badala ya kukopa orodha, na wakakuta watafunaji wa aina nyingi kuliko ilivyodhaniwa, hasa kwenye vijito ambavyo bado vina msitu. Mdudu ambaye Ulaya huitwa mwokotaji makombo, hapa tumbo lake limejaa jani.

Na wapo kaa. Kaa wa maji baridi wa jamii ya Potamonautes hawamo kwenye vijito vya New Hampshire, kwa hiyo hawakuwamo vichwani mwa waandika vitabu. Kaa mmoja ana uzito wa mamia ya wadudu wadogo. Hutoka usiku, hushika jani kwa gando moja akalichana kwa jingine, anakula sehemu na kuangusha sehemu, na kinyesi chake chenyewe ni unga wa majani unaokwenda kuwalisha wachujaji walioko chini. Mchana utasema kijito hakina kitu. Nenda na tochi saa mbili usiku, umulike chini ya mizizi, ndipo utajua kwa nini bibi alisimama kwenye kikao. (Kuna inzi mmoja wa usubi, Simulium neavei, ambaye lava wake hupanda mgongoni mwa kaa na kukua hapo hapo. Kijito ni mji, kila mtu ana mpangaji wake.)

Pamoja na kaa wote hao, sehemu kubwa ya kazi kwenye maji yenye joto hufanywa na wasioonekana. Mwaka 2011 Luz Boyero na wenzake walichapisha jaribio lililofanywa kwa njia moja kwenye vijito vya sehemu nyingi za dunia: kadiri unavyokaribia ikweta, kuvu na bakteria huchukua sehemu kubwa zaidi ya kazi, na kadiri unavyoelekea kwenye baridi, wanyama huchukua sehemu kubwa zaidi. Vijito vya Kenya nilivyovitaja viko juu milimani. Vyenu vinashuka kutoka Rondo kwenda kwenye joto la Lukuledi, kwa hiyo ningetarajia kuvu na bakteria wenu wawe na kasi zaidi. Tofauti ni kubwa kwa kijito: jani likiliwa na kuvu na bakteria peke yao, sehemu kubwa ya kaboni yake hupotea hewani kama pumzi, likipita kwa kaa na wadudu, linageuka nyama, kinyesi na makombo yanayolisha kijito kwa kilomita nyingi chini yake.

Haya, harufu. Kuvu, bakteria na wanyama wote hao wanavuta oksijeni iliyomo majini. Maji ya nyuzi 10 huweza kubeba miligramu 11 hivi za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 28 hayafiki 8. Maji yanayotiririka juu ya mawe hujaziwa kila mara. Dimbwi lililokatika na mkondo halijaziwi, na likiwa na tabaka la majani hadi magotini, oksijeni inaisha. Hapo wanabaki bakteria wasioihitaji, na baadhi yao ndio wanaotoa ile gesi ya yai viza. Majani ya chini yanakuwa meusi tii, na mnyama anayebaki kwa wingi ni yule funza mwekundu; wekundu wake ni himoglobini, kama damu yetu, inayomsaidia kupata oksijeni pale ambapo wengine wamekufa.

Kwa hiyo uvundo ni ugonjwa wa dimbwi lisilopata mkondo. Majani yale yale, hatua ishirini juu yake, yaliyobanwa kati ya mawe na maji yakipita juu yake, hayanuki kitu zaidi ya udongo baada ya mvua. Fanyeni jaribio dogo: okoteni konzi moja kutoka dimbwini na konzi moja kutoka kwenye mkondo, wapeni wanakikao wanuse wakiwa wamefumba macho.

Mkikata miti ya kingoni ugonjwa huo utazidi. Agosti hadi Oktoba ndiyo miezi maji yanapokuwa machache, na ndiyo miezi mtakayokuwa mmeliachia jua kijito. Maji yatapata joto, joto litafukuza oksijeni, na mwani utajaa. Kuna na kichocho. Konokono wake hupenda maji yaliyotulia yenye mimea ya majini, na mimea hiyo hupenda jua. Mikoa yetu ya kusini inaijua kichocho vya kutosha bila kuitengenezea kitalu. (Na wewe mwenyewe ukienda kupima, vaa mabuti ya mpira.)

Kuhusu mikorosho sitaki nisikike kama adui wa zao linalosomesha watoto wa Lindi na Mtwara. Mkorosho mmoja uliojitokea kingoni haunisumbui. Kinachonisumbua ni kingo nzima ya mikorosho mitupu. Jani lake ni gumu kama ngozi na lina tanini nyingi. Kuvu hulipata polepole. Jani gumu si kosa, kumbuka hilo: kijito kizuri huletewa majani laini yanayoisha mapema na magumu yanayobaki kama akiba ya miezi ya njaa. Kwenye mto Njoro nchini Kenya, Mathooko na wenzake walikuta majani ya mzambarau wa mtoni yakichelewa sana kuoza kuliko yale laini ya miti jirani, na yote mawili yana kazi yake. Ukiweka aina moja tu, gumu, umempikia mtu makande kila siku.

Lakini jani si tatizo kubwa la mkorosho. Tatizo kubwa ni shughuli zake. Kabla ya msimu mkulima hupalilia na kufagia chini ya miti ili korosho ikidondoka ionekane, mara nyingi anachoma majani hapo hapo. Mvua za kwanza zinakuta udongo uchi mpaka ukingoni, na mchanga unaoteremka hufukia majani ya kijito. Jani lililofukiwa halina oksijeni wala mtafunaji, ni lile lile la dimbwini. Halafu kuna salfa ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Ikipulizwa, vumbi lake halijui mpaka wa shamba, na ikikaa kwenye udongo wenye unyevu bakteria huigeuza kuwa asidi. Kaa na konokono hujenga magamba yao kwa chokaa, na maji yenye asidi huwanyima. Viuatilifu vya maji vinavyopigwa dhidi ya mbu wa mikorosho ni vibaya zaidi: dawa iliyotengenezwa kuua mdudu wa juu ya mti haimuulizi mdudu wa majini kabila lake.

Sheria nayo iko upande wa bibi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na hiyo ni zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Mkitaka kauli rasmi kwa ajili ya kikao, Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini iko Mtwara. Mkitaka kupanda kitu palipo wazi, rudisheni mikuyu na miti mingine ambayo tayari inaota mtoni kwenu, mchanganyiko. Msipande mwarobaini kingoni, hata kama miche inatolewa bure. Majani yake tunayatumia kuua wadudu ghalani; majini hayabadilishi tabia.

Sasa kupima, ambako kwangu ndiko utamu ulipo. Njia yenyewe ni ya kizamani na haijapata mpinzani: unaweka majani kwenye mifuko ya wavu, unaifunga mtoni, unaitoa mmoja mmoja kwa tarehe ulizopanga, unapima kilichobaki.

Okoteni majani yaliyotoka kuanguka, msichume mabichi. Chagueni aina mbili, tuseme mkuyu na mkorosho. Yaanikeni juani mpaka uzito usibadilike kwa siku mbili mfululizo, kisha pimeni gramu 5 kwa kila mfuko. Mizani ya maabara ya sekondari inatosha. Ya dukani haioni gramu moja. Mfuko wa kwanza ni wavu wa vitunguu wenye matundu makubwa, unaoruhusu wadudu kuingia. Wa pili ni soksi ndefu ya nailoni, ambayo maji na kuvu hupita lakini wadudu hawapiti. Tofauti kati ya mifuko hiyo miwili ndiyo kazi ya wanyama. Tengenezeni mifuko kumi na miwili ya kila namna kwa kila jani, muifunge kwa kamba kwenye mizizi, penye mkondo. Toeni mitatu mitatu siku ya 2, ya 14, ya 28 na ya 56. Suuzeni matope taratibu juu ya chujio, hesabuni wanyama, anikeni majani tena kama mwanzo, pimeni.

Kuna kosa moja nililofanya nikiwa mwanafunzi, nalisema ili msilirudie. Sikuwa na hela ya kununua wavu, nikakata chandarua cha nyumbani. Wiki sita mfululizo mifuko yangu haikuwa na mdudu hata mmoja. Nikaanza kuandika kwa furaha kwamba nimegundua kijito kisicho na wadudu, mpaka fundi wa maabara, mtu wa maneno machache, aliponiuliza: "Hicho chandarua ni cha dawa?" Kilikuwa cha dawa. Viuatilifu vya vyandarua ni vikali mno kwa viumbe wa majini, hata kikiwa kimefuliwa mara nyingi. Wiki sita zikaishia jalalani. Basi chandarua msikitumie, na wanaofulia au kuvulia kwa vyandarua hapo kijitoni mnaweza kuwaambia kwa nini kamati inapiga kelele. Wa utupa pia waambieni. Utupa hauui samaki peke yake. Unapita ukifagia na wadudu.

Hesabu ni nyepesi. Gawa uzito wa mwanzo kwa uzito uliobaki, tafuta logi asilia ya jibu (mwalimu wa hisabati anayo kwenye kikokotoo), gawa kwa idadi ya siku. Tuseme mkuyu, siku ya 28, kutoka gramu 5 zimebaki 2.1: 5 kwa 2.1 ni 2.38, logi yake 0.87, gawa kwa 28 unapata 0.031 kwa siku. Tuseme mkorosho umebaki gramu 3.9: unapata 0.009. Petersen na Cummins mwaka 1974 waliweka vipimo ambavyo bado tunavitumia: juu ya 0.010 jani linaoza haraka, kati ya 0.005 na 0.010 ni wastani, chini ya 0.005 ni polepole. Kwa mfano wetu, mkuyu utabaki nusu baada ya siku 22 hivi, mkorosho baada ya siku 78. Hizo ni namba za kufundishia, zenu mtaniandikia.

Ila namba inayonipa usingizi si hiyo peke yake. Gawa kasi ya mfuko wa vitunguu kwa kasi ya soksi. Zikilingana, wanyama wenu hawafanyi kazi, ama hawapo. Mfuko wa vitunguu ukienda mara moja na nusu au zaidi ya soksi, watafunaji wapo kazini. Rudieni zoezi lile lile sehemu mbili, juu kwenye msitu na chini penye mashamba, mwezi ule ule. Kijito kilichoumizwa na dawa mara nyingi huonyesha hapo kwanza, wakati maji bado yanang'aa na kila mtu anasema ni masafi.

Kwa wasiotaka kungoja siku 56 kuna njia ya kuchota wadudu kwa kimia na kuwapa alama kwa kila familia: wagumu kama funza wekundu wanapata alama ndogo, waoga wa uchafu wanapata kubwa. Tanzania tuna mfumo wetu, TARISS, uliochapishwa mwaka 2015 na Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na Day na Dallas, ukitokana na ule wa Afrika Kusini. Unahitaji mtu aliyefundishwa kutambua familia, lakini mwalimu wa baiolojia mwenye subira anajifunza.

La kufanya wiki hii ni dogo. Safisheni dakio na chekeche lake, na dimbwi lililo nyuma yake tu, kila baada ya siku chache, kabla majani hayajawa meusi. Mnayoyatoa yapelekeni kwenye mboji ya bustani, mbali na maji. Msiyachome ukingoni, maana mvua ya kwanza italeta majivu yote ndani. Madimbwi mengine yanayonuka yatafutieni mkondo: mara nyingi kuna gogo au rundo la mchanga lililoziba, na jembe la nusu saa linatosha. Palipo na mawe, mizizi na majani yaliyobanwa, acheni kama palivyo.

Nimebakiza povu. Sabuni inawezekana, kama kuna wanaofua juu; povu la sabuni ni jeupe na hunukia sabuni, na huonekana zaidi karibu na mahali pa kufulia. Lakini povu la rangi ya kahawia kidogo, linalonuka udongo, linalokaa hapo hata siku ambayo hakuna aliyefua, ni la majani yenyewe: vitu vilivyochujuka vikipigwa na maporomoko hutoa povu kama mabibo yanapokamuliwa. Povu hilo hunasa spora, yaani vijimbegu, za kuvu wa majini. C. T. Ingold, mtaalamu wa kuvu mzaliwa wa Ireland, alizieleza mwaka 1942 baada ya kuchunguza majani yaliyokuwa yanaoza kijitoni: nyingi si za duara kama spora za kawaida, zina mikono minne iliyotawanyika kama nanga, ili zikipita zinase kwenye jani.

Lichote kwa kijiko asubuhi, ulitie kwenye chupa safi, liachwe liyeyuke kuwa maji. Tia matone machache ya spiriti saa hiyo hiyo, kwa sababu spora zikikaa kwenye chupa huanza kuota ndani ya saa chache na umbo linaharibika. Kisha peleka shuleni, tone moja chini ya hadubini, lenzi ya kati. Na bibi mwende naye.